UZI: Nani anamaliza misitu yetu, mwenye polo la mkaa au mwenye kibali?

Mkandaa Mkavu (mwanzisha uzi)
Assalaam alaykum wanajukwaa.

Juzi alasiri nilikuwa kwenye daladala natoka Kusini. Kwenye kizuizi, mbele yetu kasimamishwa mzee na baskeli, nyuma kafunga polo mbili za mkaa kwa mpira wa tairi, midomo ya polo kaiziba kwa majani ya mwembe. Kaambiwa ashushe, kashusha. Kaulizwa karatasi, hana. Polo zikavutwa upande wa pili wa barabara, yeye akabaki kashika baskeli kama mtu aliyefiwa. Palepale ikapita lori imejaa magogo na visiki, mizizi bado ina udongo mwekundu. Dereva katoa mkono dirishani na karatasi, hata hakusimama vizuri. Utingo wetu akasema, "Huo wa kiwanja cha hoteli, ushalipiwa."

Nataka majibu ya wanaojua, si matusi. Mwaka 2021 kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow nchi zaidi ya 140 ziliahidi kuwa upotevu wa misitu usimame ifikapo 2030. Hapa kwetu anayeimaliza hasa nani? Wa baskeli au wa karatasi?

Bi Mkubwa wa Wete
Waalaykum salaam. Jibu jepesi tu: sisi sote. Sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa milioni moja na laki tatu. Ya 2022 tukawa 1,889,773. Watu karibu laki sita wameongezeka kwa miaka kumi, na kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Kila nyumba ina jiko, kila kijana anayeoa anataka kiwanja. Hoteli ziko pwani, lakini huku Pemba vichaka vimekwisha hata pasipo na hoteli.

Kibao cha Mbuzi
Kwa hiyo tuache kuzaa au tuache kula? Mwenyekiti atoe muongozo.

Bi Mkubwa wa Wete
Wewe uache kuzaa. Ushatosha.

Fundi Tanuri
Nyote mmekimbilia mkaa kwa sababu mkaa unapita njiani mnauona. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa, na mie nimechoma mpaka mgongo ukakataa. Nikupeni tanuri lilivyo. Unapanga magogo ya minazi duara, safu juu ya safu, katikati unaacha tundu la kutilia moto. Juu yake unapakia mawe mpaka liwe kama kichuguu. Likiwaka, linawaka usiku kucha, na hatua kumi huwezi kulisogelea. Likizimika mawe yamekuwa meupe na mepesi, ukilishika moja unashangaa limekwenda wapi. Ukiyamwagia maji yanachemka wenyewe bila moto, yanapasuka pa! pa! mpaka yanakuwa unga.

Chokaa hiyo inakwenda wapi? Kwenye majumba mapya, na Mji Mkongwe. Kuta zile za mawe ukizipiga saruji zinaoza ndani kwa unyevu, lazima chokaa. Kwa hiyo ule mji ulioandikwa urithi wa dunia mwaka 2000 kila ukitengenezwa unakula magogo. Na dari zake ni boriti za mikoko. Mnajua kwa nini vyumba vya mjini vyembamba? Urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Misitu ilianza kukatwa kabla hoteli ya kwanza haijajengwa, na majahazi yalikuwa yakipakia boriti kwenda Uarabuni.

Maalim Hesabu
Ahsante Fundi, nimejifunza. Ila nikurekebishe pahala pamoja: mnazi si msitu. Si maneno yangu. Shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linahesabu msitu kuwa ni eneo la zaidi ya nusu hekta, miti inayofika mita tano, na kivuli kifunike zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Mashamba ya matunda na ya michikichi hayamo. Lakini shamba la mpira limo! Kwa hiyo ukikata msitu wa asili ukapanda mpira, kwenye daftari msitu bado upo. Ukipanda michikichi, msitu umepotea. Tembo hana habari na daftari, kwake vyote ni njaa.

Mkandaa Mkavu
Mikarafuu je, Maalim?

Maalim Hesabu
Zao la shamba. Ukisimama Pemba juu ya kilima unaona kijani mpaka baharini, lakini msitu wa asili wa maana ni Ngezi na vipande vipande.

Bi Mkubwa wa Wete
Vipande vipande, nilisema mie.

Mpemba wa Oslo
Salamu kutoka kwenye baridi. Nyie mnaongelea baskeli, niongeze la huku ninakoishi. Norway ndiyo inayotia pesa nyingi kwenye misitu ya watu. Mwaka 2008 ilianza kuchangia mfuko wa kulinda msitu wa Amazon wa Brazil. Mwaka 2010 ikaiahidi Indonesia dola bilioni moja ikipunguza ukataji. Zanzibar nako ikafadhili HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili ya Jamii, 2010 mpaka 2014, kupitia shirika la CARE na idara ya misitu. Mfuko wao wa pensheni mwaka 2012 uliuza hisa katika kampuni 23 za mawese kwa ajili ya ukataji misitu.

Matokeo yapo. Amazon ya Brazil mwaka 2004 zilikatwa kilomita za mraba 27,772. Mwaka 2012 zilishuka mpaka 4,571. Pesa ikifika, mti unasimama.

Wakili wa Miguu
Subiri kidogo ndugu yangu wa Oslo. Mwaka 2021 zilipanda tena mpaka zaidi ya 13,000. Pesa ilikwenda wapi?

Halafu hesabu yako ina tundu: mfuko ulianza 2008, mteremko ulianza mara baada ya 2004. Brazil ilianza kuangalia msitu kwa setilaiti na kupeleka askari wakati uleule mti unaanguka, si mwaka unaofuata. Mwaka 2006 wafanyabiashara wakubwa wa soya walikubaliana kutonunua soya ya ardhi ya Amazon iliyokatwa upya, baada ya kupigiwa kelele na wateja wao Ulaya. Mwaka 2008 mabenki yakakatazwa kukopesha mashamba ya Amazon yasiyofuata sheria za mazingira. Mkulima mkubwa haogopi bango. Anaogopa benki kumwambia "leo hakuna". Serikali ilipobadilika na macho yakafumbwa, misumeno ikarudi. Mimi naita utawala, wewe waita pesa ya Norway.

Mpemba wa Oslo
Sikusema ni pesa peke yake.

Wakili wa Miguu
"Pesa ikifika, mti unasimama." Maneno yako hayo, hapo juu.

Mpemba wa Oslo
Haya, mawakili. Nimekubali nusu. Na kabla hujanisemea: ndiyo, Norway hiyohiyo inachimba mafuta na gesi na kuiuzia dunia. Wenyewe huku wanagombana kila siku kwa hilo.

Kibao cha Mbuzi
Anauza sigara mlangoni, ndani anagawa dawa ya kifua.

Karafuu Kavu
Jamani mie nina shida ya karibu zaidi. Nimesikia Ulaya wametunga sheria, bidhaa ya ardhi iliyokatwa msitu haiingii. Mikarafuu yetu mingine imepandwa palipokuwa na kichaka. Tumekwisha?

Wakili wa Miguu
Hujesha. Sheria hiyo ni ya 2023, na imetaja bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vinavyotokana navyo. Karafuu haimo. Inataka mnunuzi aonyeshe kiwanja hasa kilikotoka mzigo, na kwamba hakikukatwa msitu baada ya tarehe 31 Disemba 2020. Ilikuwa ianze mwisho wa 2024, ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Kampuni kubwa zina watu wa kompyuta, mkulima wa eka tatu atatoa wapi ramani? Hapo ndipo panaponitia wasiwasi hata kwa kahawa ya wenzetu Bara.

Ufaransa walitangulia kwa njia nyengine, sheria ya 2017: kampuni kubwa ina wajibu wa kuangalia madhara mpaka kwa wanaoiuzia. Mwaka 2021 watu wa asili wa Amazon na mashirika waliwashitaki Casino, wenye masupamaketi, mahakamani kwao Ufaransa kwa ajili ya nyama ya ng'ombe. Angalia lilivyogeuka: msitu uko Brazil, kesi iko Ufaransa.

Duka la Kona
Mkimaliza na Wazungu, njooni dukani kwangu. Yale mafuta ya kupikia ya dumu la njano mnayopimiwa kwa kikombe, mnajua ni nini? Mawese, yametoka Malaysia na Indonesia. Kila mandazi unayokula asubuhi yamepita huko. Sijawahi kuona mteja akaniuliza mafuta haya yamekatiwa msitu wa nani. Wanauliza mbona yamepanda.

Bi Mkubwa wa Wete
Na kwa nini yamepanda?

Duka la Kona
Unaona sasa.

Mjumbe Mstaafu
Nimesoma kimya tangu juzi. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya uhifadhi ya shehia yetu, sitaji shehia wala mradi, maana wenyewe bado wapo na nawaheshimu. Si huo aliotaja ndugu wa Oslo, ni mwengine, baadaye.

Walikuja vijana wawili na gari, tukakaa chini ya mwembe mbele ya msikiti. Tukaambiwa miti inavuta hewa chafu, na kuna makampuni ng'ambo yatalipia hewa hiyo. Mzee mmoja akauliza, "Hewa yenyewe wataichukuliaje?" Watu wakacheka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote. Tukafundishwa kupima: utepe unauzungusha kwenye mti kifuani, mita moja na sentimita thelathini kutoka chini. Mie mfupi, kifua changu hakifiki hapo, nikakatiwa kijiti cha kipimo. Kijiti hicho ninacho mpaka leo, kipo juu ya kabati.

Tulipima wiki nyingi, miiba imetuchana. Tukawazuia wenzetu wasikate kuni, tukagombana mpaka harusini hatualikwi. Tukasubiri. Mwaka wa kwanza tukaambiwa hesabu zinakaguliwa. Wa pili, soko limeshuka. Wa tatu namba ya simu haipatikani. Wale tuliowakataza wakaniuliza mimi, si wale vijana wa gari. Siku hizi nikipita na panga mtu ananiambia, "Maalim wa hewa, waenda kupima?"

Kibao cha Mbuzi
Maalim wa hewa 😂 Samahani mzee wangu. Lakini nimecheka peke yangu kwenye foleni ya benki.

Mjumbe Mstaafu
Cheka tu mwanangu. Mie mwenyewe siku hizi nacheka.

Mvita Kibaoni
Poleni sana. Mie wa Mombasa. Nisitetee kila mradi, ila wa mikoko Gazi, kule Kwale, unaitwa Mikoko Pamoja, ulianza kuuza hewa hiyo mwaka 2013 na pesa zimefika kijijini. Eneo lao dogo, hekta 117. Wanaamua barazani wafanyie nini: maji, skuli. Nilikwenda, kuna njia ya mbao juu ya mikoko na kina mama wanauza samaki wa nazi. Kilichowasaidia, kwa macho yangu, ni watafiti wa mikoko kuwa palepale Gazi miaka mingi kabla hewa haijawa biashara. Hakuja mtu na gari akaondoka.

Maalim Hesabu
Na mikoko inahifadhi sana kaboni, ndiyo hiyo hewa chafu, chini kwenye tope, ndio maana hekta mia inatosha kuuza. Kichaka cha maweni ya Kusini huwezi kukilinganisha nayo. Lakini tusisahau, mwaka 2023 magazeti ya Ulaya yalichunguza miradi mikubwa ya misitu ya mvua iliyothibitishwa na Verra, shirika linalokagua miradi ya kuuza hewa, yakaandika kuwa sehemu kubwa ya hewa iliyouzwa haikuokoa chochote. Verra wenyewe walizipinga hesabu hizo. Mnunuzi kashapaka rangi ya kijani ndege zake, msitu upo palepale.

Mkandaa Mkavu
Kwa hiyo Mjumbe alipima bure?

Maalim Hesabu
Hakupima bure. Alichopima ni cha kweli. Walioahidi ndio hawakuwa na mnunuzi.

Punju Mtukufu
Mnasahau mwenye msitu. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 1996, na kima punju hayupo pengine duniani ila Zanzibar. Tumpigie kura yeye.

Wakili wa Miguu
1996 ni sheria ya misitu, namba 10. Hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ni 2004.

Bi Mkubwa wa Wete
Na Pemba tunao, walihamishiwa Ngezi miaka ya 1970. Msitunyang'anye.

Punju Mtukufu
Nimerekebishwa mara mbili kwa dakika tano, alhamdulillah. Basi na mie niwarekebishe: mnajua punju anakula mkaa? Si utani. Wale wanaokaa karibu na mashamba wanakula majani ya mwembe na mkungu, yana dawa kali tumboni, wakimaliza wanashuka kutafuta kipande cha mkaa penye kisiki kilichoungua au tanuri la mkaa. Wataalamu wameliandika. Nimemuona kwa macho yangu, kakaa juu ya ukuta anatafuna kama mtoto na muwa, mdomo wote mweusi.

Kibao cha Mbuzi
Basi tumeshampata mmaliza misitu. Fungeni uzi.

Bi Mkaa
Nyote mnasema mkaa, mkaa. Mie ndie muuza mkaa, na humu najiona peke yangu. Nina banda mwaka wa tisa huu. Watoto wawili wamesoma kwa vumbi hilo.

Nisikilizeni. Mkaa wangu mwingi unakuja na jahazi kutoka Bara, si wa kisiwani. Polo likifika nalitingisha nisikilize. Mkaa mzuri unalia kama vigae, wa ovyo unasema puf. Chini huwa wametia vumbi na vipande, juu wameweka mapande makubwa ya kukuvutia. Akina mama wa mtaani wananunua kwangu kwa kopo, la kupikia wali na mchuzi. Mmoja hanunui polo kwa mwezi.

Sasa nani ananunua polo? Hoteli. Jioni inakuja pikapu, kijana mwenye sare anachukua sita, saba, siku ya Ijumaa kumi. Samaki wa kuchoma wa wageni mchangani, kamba, pweza, wote hao wanachomwa kwa mkaa wangu. Risiti anataka iandikwe "viungo vya jikoni". Miaka tisa hajaniuliza umetoka wapi. Na yule mzee wa baskeli mnayemlilia, msishangae kama polo zake zilikuwa zinakwenda kulekule.

Mkandaa Mkavu
Bi Mkaa, nimesoma mara tatu. Sikuwa nimeliona hilo.

Mashuka Meupe
Mie nimefanya kazi ya vyumba miaka minne, hoteli siitaji. Bafuni kuna kadi ndogo imechorwa jani: mgeni, tafadhali tumia taulo lako tena, tuilinde Zanzibar. Nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi. Na dirishani pale ukifungua unasikia harufu ya mkaa wa jana usiku.

Mnunuzi wa Jikoni
Mtanitukana lakini nasema. Kazi yangu ni hiyo ya kununua. Jikoni kwetu ni gesi, mkaa ni wa kuchomea nje tu, mgeni analipia moshi. Niliwahi kusema tununue wenye kibali peke yake. Bosi akakubali, akaniambia kautafute. Nilizunguka siku mbili. Kila muuzaji ana karatasi ya kibali, na ni ileile moja, imetolewa kopi mpaka muhuri umekuwa doa. Niandike nini kwenye ripoti? Kampuni mama iko Ulaya, wanataka kila mwaka jedwali la umeme, maji, plastiki. Safu ya mkaa haimo kwenye jedwali. Kisichokuwa na safu hakuna wa kukiuliza.

Wakili wa Miguu
Hiyo ndiyo maana ya wajibu wa kampuni, ndugu. Anayeweza kuuliza ni yule anayenunua polo kumi. Mwenye kopo moja atauliza nini?

Bi Mkubwa wa Wete
Mie sikubali lote limwagwe kwa hoteli. Mkaa wa makopo nao ukiukusanya Zanzibar nzima ni mlima. Na mimi mwenyewe gesi ninayo, lakini biriani ya Ijumaa naitia makaa juu ya kifuniko. Gesi haiwezi kupalia.

Fundi Tanuri
Na hakuna aliyenijibu la chokaa. Lori aliyoiona Mkandaa haikuwa na mkaa, ilikuwa na visiki. Kiwanja kinasafishwa mara moja, hakioti tena. Kichaka cha kuni ukikiacha miaka kinachipua.

Maalim Hesabu
Fundi hapo umesema. Mchoma mkaa anakopa kwenye msitu, mwenye kiwanja anafunga akaunti. Lakini Bara mkaa ukifuatwa na jembe la shamba, nako hakichipui kitu.

Mpemba wa Oslo
Kwa hiyo jahazi linaleta misitu ya Bara, dumu linaleta ya Indonesia, na sisi tunahesabu ya kwetu imepona.

Duka la Kona
Nilisema mapema, mkanipita.

Mkandaa Mkavu
Nirudishe habari ya yule mzee, maana wengine wameniuliza pembeni. Leo nimepita tena. Nimemkuta kwenye kituo cha daladala na baskeli yake, nyuma kafunga nazi. Nikamuuliza mkaa vipi. Akaniambia polo hakurudishiwa, wala hakuandikiwa kitu. Nikamuuliza alikuwa anampelekea nani. Akaninyooshea kidole upande wa pwani, kwenye geti lenye mivinje miwili.

Bi Mkaa
Nilikwambieni.

Kibao cha Mbuzi
Bi Mkaa, Jumamosi nina watu, banda lako liko upande gani?

Bi Mkaa
Kopo au polo?